Mchumba wa Miaka Mia

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa nina hakika nayo kwa sababu nilikuwa nimelala chini sebuleni, kichwa kwenye mto wa kochi, naitazama saa ya ukutani na kujiambia kwamba ikifika na nusu nitainuka nikaanue nguo. Asubuhi nilikwenda tuisheni. Mchana nikafua sare zetu, nikafua na shuka za mgeni, nikaosha sufuria ya wali iliyogandia ukoko. Zilikuwa zimebaki dakika kumi za kupumzika, nazo sikuzipata.

Mgeni ni shangazi, dada yake baba. Anaishi kijijini, Tongoni, na alikuwa kwetu mjini, Mabawa, tangu Alhamisi kwa ajili ya kliniki ya macho. Baba ni dereva wa malori ya mikoani, mara nyingi hayupo, kwa hiyo shangazi akija huwa ndiye baba. Alitokea koridoni peku, mkono kifuani, akapita juu ya miguu yangu kama haipo.

"Wifi," alimwita mama, aliyekuwa barazani kwenye cherehani yake. "Wifi, njoo. Njoo polepole."

Mama akaja na pini tatu mdomoni.

"Mtoto yuaongea na mtu chumbani."

"Na nani?"

"Ningemwona ningekuita?"

Tukasimama watatu koridoni. Mlango wa chumba chetu ulikuwa umeegeshwa. Ndani, mdogo wangu wa miaka kumi na miwili alikuwa mbele ya kioo cha kabati, amejitanda mtandio wangu wa Idi, anakiambia kioo kwa adabu kabisa, kama anayeongea na mwalimu: "Mimi nimekubali unioe. Lakini usije wiki hii. Jumatano na Alhamisi nina mtihani wa moko. Subiri nimalize."

Halafu akasogeza uso, akakipulizia kioo pumzi, akaandika kitu kwa kidole.

Mama alizitoa pini mdomoni moja moja. Shangazi akanong'ona, "Astaghfirullah. Mahaba."

Alimaanisha jini mahaba, yule anayempenda binadamu na kumfanya wake bila posa wala mahari, hata mtu asitake tena kuolewa na watu. Kwetu hilo si la kucheka. Kuna mama mtaa wa pili ambaye inasemwa jini huyo ndiye aliyemweka nyumbani mpaka mvi, na hata wanaosema hawaamini husema kwa sauti ya chini.

Ila mimi nilijua mdogo wangu anaongea na nani. Nilimjua kwa uso, kwa koti lake jeusi na kola yake ndefu. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani, kwenye flashi, ndani ya mkebe wangu wa hesabu.

Ni tamthilia. Darasani kwetu, kidato cha tatu, wasichana wote wameiona. Msichana wa miaka kumi na sita anapelekwa shule ya bweni huko milimani kwenye baridi, na katika kioo cha bwenini anakaa kijana aliyefia pale zamani. Usoni ni kijana wa miaka kumi na minane. Kwa hesabu ana zaidi ya mia. Anamwandikia msichana maneno kwenye ukungu wa kioo, taa zinazimika zenyewe, mtu anasukumwa kwenye ngazi, na katikati ya vitisho hivyo wanapendana. Tulikuwa tukisimuliana kwenye mapumziko, na hata mimi, ambaye mwalimu akinitaja jina nataka kuingia chini ya dawati, nilikuwa nasogea kusikiliza.

Ukweli ni kwamba sikumwonesha mdogo wangu kwa sababu nampenda. Nilimwonesha kwa sababu nilikuwa nimechoka. Akitazama anakaa kimya, hadai chai, haombi nimsikilize akisoma jedwali la kuzidisha, na mimi naweza kujilaza dakika ishirini mama anapokuwa na wateja wa sare. Mwanzo wa kila kipande, juu kwenye kona, kinatokea kiduara chenye namba kumi na sita. Aliniuliza, "Dada, hiyo nini?" Nikamwambia ni namba ya kipande. Kipande cha pili akauliza, "Mbona na hiki ni cha kumi na sita?" Nikamwambia atazame au aende zake nje.

Nilijitahidi kidogo. Wale wawili wakianza kusogeleana namwambia, "Kaniletee maji." Akaleta. Baada ya vipande vinne alikuwa anasimama mwenyewe kabla sijasema, anatembea hadi mlangoni, anauliza, "Tayari?" Nikaacha kumtuma. Sikuwa na kiu tena.

Sasa alitolewa mbele ya kioo akiwa bado na mtandio kichwani, akakalishwa kitandani. Hakuna aliyemwambia amefanya nini. Shangazi alimshika paji la uso, akamtazama kucha, akasema, "Kesho asubuhi nnaondoka naye. Kuna mzee kule anajua. Siku saba tu: atafukizwa, atasomewa, atakunywa maji ya kombe."

"Siku saba?" mama akasema. "Jumatano ana mtihani."

"Mtihani utarudi. Yeye akishachukuliwa, atarudi?"

Mtihani huo usingerudi, na sote tulijua. Ni wa majaribio, lakini shule ya bweni ya wasichana iliyosema itamchukua mdogo wangu bila ada ilitaka kuona matokeo ya moko kwanza. Mwalimu wake mkuu alikuja barazani kwetu kuyasema hayo kwa mdomo wake, na mama akamshonea mkewe gauni bure. Mdogo wangu ana akili ambazo mimi sina. Hilo naliandika bila wivu. Wivu nao unataka nguvu.

Nilitakiwa kusema palepale. Nilifungua mdomo. Lakini kusema maana yake ilikuwa kusimama mbele ya mama na kutamka "mapenzi", kutamka "wanabusiana", na mimi na mama hatujawahi kuyataja mambo hayo hata kwa mafumbo. Si kwamba ni mkali. Kwetu hayo si ya mama na binti. Msichana akikua anapewa somo, mwanamke mwingine wa kumfunda, na tangu siku hiyo lolote la aibu linapita kwake. Mama akitaka kuniambia kitu cha namna hiyo, humwambia somo, na somo huniambia. Mimi nikitaka kumwambia mama, ni njia ileile.

Kwa hiyo nikaanua nguo, nikaaga kwamba nakwenda kurudisha daftari la watu, nikakata mitaa kwa miguu mpaka Makorora kwa somo yangu.

Somo yangu kazi yake ni kupaka hina. Nilimkuta sebuleni kwake na bibi arusi aliyenyoosha miguu juu ya stuli, na shangazi zake watatu wamemzunguka wanatafuna bisi. Nilisema shikamoo ya jumla, kwa chini, na hakuna aliyeisikia ila somo.

"Marahaba, somo. Mbona umesawijika hivyo? Njoo uani." Alitoka na koni ya hina mkononi. Akaegemea tangi la maji. "Haya. Umeposwa?"

"Hapana."

"Umefeli?"

"Bado."

"Basi sema, hina inakauka."

Nikamweleza. Ilinichukua muda, maana kila nikifika kwenye neno nalizunguka. Alipoelewa alicheka mpaka akashika mbavu kwa mkono usio na koni.

"Yaani mnampenda maiti?"

"Si maiti hasa. Ni kama kivuli."

"Ana miaka mingapi?"

"Mia na kitu. Lakini usoni ana kumi na minane."

"Wote huwa hivyo, mwanangu. Usoni kumi na minane."

Sikucheka, ila nililifikiria baadaye njiani. Mwaka jana mzee mmoja mwenye duka la vifaa alipeleka posa kwa msichana wa darasani kwetu, na darasa zima tulilaani, tukasema ni babu, hana haya. Na sisi hawahawa tulilia kwa ajili ya yule wa kwenye kioo, kwamba amengoja miaka mingi, apewe tu. Hakuna aliyemwita babu. Kola ndefu ilitutosha.

"Somo, naomba ukamwambie mama. Leo."

Akaacha kutabasamu. "Mdogo wako keshavunja ungo?"

"Bado."

"Basi hana somo. Mimi kazi yangu inaanza pale, haianzi kabla. Kinachomfika mtoto kabla ya pale ni cha mama na dada zake." Akaziba ncha ya koni kwa kidole. "Ungekuwa ni wewe uliyempenda huyo kivuli, ningekwenda hivi hivi na mikono ya hina. Ni wewe?"

"Ni yeye," nikasema. Ilikuwa nusu ya kweli.

Kutoka ndani shangazi mmoja wa bibi arusi akaita, "We mpaka hina! Mguu mmoja tumpeleke nao vipi?"

"Nakuja, bibi zangu! Mguu wa pili hautoroki!" Akanigeukia. "Nikimaliza hapa isha imepita, na kesho alfajiri nawahi Pangani kwa bibi arusi mwingine. Siwezi, somo. Nenda kaseme. Sauti unayo, sema tu huitumii."

Nikarudi. Njia nzima nilitunga sentensi. "Mama, kuna jambo." "Mama, usikasirike." "Shangazi, si jini, ni televisheni." Zote zilikuwa nzuri hadi kona ya nyumbani.

Begi dogo la mdogo wangu lilikuwa limefungwa, limewekwa mlangoni. Penseli zake na rula zilikuwa juu ya kitanda, hizo hazikupakiwa. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Dada, nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu."

"Shangazi ananiuliza nani anakuja kunioa. Nikimwambia ni mchezo anasema ndivyo wanavyofundishwa kusema. Nimwambie ile tamthilia?"

"Usimwambie," nikasema, na papo hapo nikajichukia. Alikuwa ananyamaza kwa ajili yangu. Alikuwa anajua tangu saa tisa kwamba akitaja flashi mimi ndiye nitakayechapwa, na alikuwa tayari kufukizwa ubani siku saba.

Tuliposwali magharibi, mama na shangazi wakakaa sebuleni na chai na mkate wa kumimina. Nikaingia. Sentensi zangu zote zilikuwa zimekwisha. Nikachukua flashi, nikaichomeka kwenye televisheni, nikatafuta kipande cha tisa, nikabonyeza. Kisha nikakaa chini kwenye mkeka, mgongo kwao.

"Nini hii?" mama akauliza.

"Tazameni tu," nikasema. "Tafadhali."

Tamthilia zetu hizi zinatafsiriwa na dijei, mtu mmoja mwenye sauti ya mikwaruzo anayezungumza juu ya sauti za wenyewe, na akiona mazungumzo ni mafupi anajazia ya kwake. Kipande cha tisa ndicho msichana anasimama mbele ya kioo usiku na taa inazimika. Kijana anatokea. Kwa Kiingereza anasema neno moja tu, namsikia vizuri chini ya ile sauti: ngoja. Dijei akasema, "Mtoto mzuri, nimekungoja miaka mia moja, mahari yako ninayo kuzimu, nitakuja kukuoa, we kubali tu kwa kinywa chako. Duh, watu wangu, maiti ana maneno huyu!" Msichana akapulizia kioo, akaandika jina lake.

Kisha yakaja ya baadaye, kijana akatoa mkono nje ya kioo, wakasogeleana. Mama alisema, "Zima."

"Acha," shangazi akasema.

Nikaacha. Nadhani hizo zilikuwa sekunde ndefu kuliko zote za maisha yangu. Nilitazama ukindu wa mkeka. Dijei akapiga mluzi.

"Rudisha pale alipotoa mkono," shangazi akasema. Nikarudisha. "Huyu alikufa lini?"

"Zamani, shangazi. Shule iliungua."

"Na huyu msichana hana wazee?"

"Mama yake yuko mjini."

"Lo, mama wa mjini." Akaomba rimoti, hakujua kuitumia, akanirudishia. Nikazima mwenyewe.

Mama ndiye aliyeanza. "Mdogo wako ametazama hiki?"

"Ndiyo."

"Vipande vingapi?"

"Vyote."

"Ile kumi na sita pale juu ni ya nini?"

"Ni umri, mama. Wa anayeruhusiwa."

"Na mdogo wako ana mingapi?"

Alijua. Amemzaa mwenyewe. Lakini alingoja hadi nikataja: "Kumi na miwili." Kisha nikasema yaliyobaki, nikiwa bado naangalia mkeka: kwamba lile la kuolewa ni la dijei, halimo, kwamba mtoto anaigiza tu alichokiona, kwamba mimi nilikuwa nalala yeye akitazama.

Nilidhani imekwisha. Nilimsikia mama akishusha pumzi, ile ya mtu aliyeambiwa vipimo viko sawa. Lakini shangazi akaweka kikombe chini.

"Basi alipita humo," akasema.

"Wifi, ni maigizo. Hao ni Wazungu wamelipwa."

"Sawa, wamelipwa. Mlango ukifunguliwa, anayeingia huuliza kama mwenye nyumba alikuwa anatania? Mtoto kakubali kwa kinywa chake, mbele ya kioo, na siku kampangia. Wewe umesikia, mimi nimesikia."

Nami, sitaandika uongo humu, maneno yake yaliniingia. Nimelelewa nyumba hii. Kioo kikivunjika usiku sikiokoti. Mama hakuwa anaamini na hakuwa anakanusha. Alikuwa anafikiri kwamba lolote likimpata mtoto, ukoo mzima wa baba utasema shangazi alionya.

"Mtihani wake ni siku mbili tu, wifi," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kushindwa.

Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka. Haikutoka nzuri, ilitoka kama ya mtu aliyepaliwa. "Shangazi, aliyemkaribisha ni mimi. Flashi ni yangu. Yeye alitazama mara moja, mimi nimeirudia mara tatu, peke yangu. Kama kuna kilichoingia, kimeingia na mimi. Nichukue mimi."

Shangazi alinigeukia, na nilimwona akinipima, kwanza miguu, kisha mikono, kisha macho niliyokuwa siwezi kuyainua.

"Kweli," akasema polepole. "Huyu hasemi na watu. Huyu akikuamkia shikamoo unaitafuta iliko. Ana miaka kumi na saba, na hajawahi hata kununa kwa ajili ya mvulana."

"Ni haya tu alizonazo," mama akasema.

"Haya gani za siku zote, wifi? Kuna anayemtuliza."

Ikawa hivyo. Mdogo wangu atasomewa maji na mama hapahapa nyumbani, atakunywa, atafanya mtihani wake. Mimi nitakwenda Tongoni siku saba. Mama alikubali haraka mno, kisha akainuka akaingia chumbani, na tukasikia akifungua begi dogo na kutoa vitu. Mimi nilibaki kwenye mkeka nikishangaa nafsi yangu. Nilitakiwa kuogopa moshi na kombe na wazee wa watu. Nilichokuwa nafikiri ni kwamba kwa siku saba sitafua.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kabla yao. Nilichonga penseli za mdogo wangu zote nne, nikazifunga kwa raba, nikampigia pasi sare ya Jumatano ingawa siku zilikuwa bado. Akaamka akanikuta navaa baibui.

"Unakwenda wewe?"

"Nakwenda mimi. Wewe soma. Maji ya mama yanywe yote, usiyamwage."

"Kwani sasa anakuja kukuoa wewe?"

"Kula mkate wako," nikamwambia.

Mama hakunisema kwa yale ya jana. Wala hatanisema, atamwambia somo, na somo ataniambia nikirudi. Alinipa begi, na lilikuwa zito kuliko nguo mbili. Nilipolifungua kidogo nikaona ametia vitabu vyangu vya baiolojia na kemia, na kitenge kipya alichokipinda pindo usiku huo.

Nilitoka na shangazi saa moja kasoro. Tulisimama kando ya barabara kungoja usafiri, yeye na mkoba wake wa matone ya macho, mimi na begi. Hakukuwa na watu wengi. Akanikaribia, akaniuliza kwa upole ambao sikuutegemea, "Nambie kweli, mwanangu. Umewahi kumwota?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimezoea kusema lililo rahisi.

"Mara mbili, shangazi."

"Akafanya nini?"

"Alikaa tu kwenye kiti, ananiangalia."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia anipishe, nataka kulala."

Sijui shangazi alisikia nini katika hilo. Akahamishia mkoba bega la pili, akanishika mkono kama ninavyomshika mdogo wangu, na gari lilipofika akanitanguliza mimi.